Mulozi Amevaa Kikwembe Yangu

Maman Sephora,

Sombe ya chakula ya mangaribi iko mu frigo, muipashe moto polepole. Mufunge dirisha ya chumba yangu, mvua iko karibu.

Asubuhi nimeona devoir ya vacances ya Sephora, ile kazi mwalimu alimupatia: kusoma kitabu, kisha kutengeneza mudoli wa muntu mumoja wa mule ndani. Amechagua mulozi, ule muchawi muzee wa kike. Bon, sawa. Mais mulozi amevaa kikwembe yangu, ile marehemu Papa Kabeya alinipatia Lubumbashi, ile munajua mutanizika nayo. Ameikata na makasi.

Sephora ananijibu: «Koko, hauivalake hata siku moja.» Nguo ya kuzikwa haivaliwi mbele, mutoto atajua wapi. Lakini wewe ulijua, na umecheka: «Inamupendeza kabisa.»

~~Nimesamehe.~~ Bado.

Nimeenda kwa dada yangu Pétronille, kule Ganshoren, na ule mudoli wa mulozi ndani ya sakosi. Tunaelewana, yeye hacheki. Kama mwalimu anahitaji mulozi mu septembre, aniite mimi. Sura ya mulozi ninayo tayari.

Nusu ya kikwembe yenye imebaki inanifikia ku magoti tu. Siku ya kunizika miguu itabaki inje, na ba maman ba parokia batauliza sababu. Utabajibu wewe.

Koko