Tamthilia ya Saa Moja na Ubishi wa Zuhura

Jumatatu, 5 Mei

Nimetoka kazini, nimepika wali na mchicha, nimeswali magharibi. Saa moja tuko mbele ya runinga. Binti yangu Asha na simu yake, mimi na chai yangu. Tamthilia ile ile ya Kituruki. Leo ovyo kabisa. Nusu ya kipindi mama mkwe anashuka ngazi. Anashuka, muziki unalia, anasimama, anashuka tena. Nyumba ina ghorofa mbili lakini ngazi utadhani zinakwenda mpaka Kondoa.

Nikamtumia Zuhura ujumbe wa sauti kama kila siku. Nikamwambia mama mkwe ndiye anayejua kuigiza mle ndani, wengine wanasubiri mshahara. Akanijibu kwa kelele tupu. Eti mama mkwe amekauka kama kuni, eti mimi napenda wanawake wakali kwa sababu mwenyewe ni mkali. Zuhura ni mdogo wangu. Amebaki Mpwapwa kwenye nyumba ya marehemu baba, anauza vitenge mtaa ule ule babu yetu alikouzia chumvi. Tumebishana hivi tangu tulipokuwa tunakaa chini kwenye mkeka wa jirani mwenye runinga. Anachopenda yeye mimi nakichukia. Sijui tungependana kwa namna gani nyingine.

Matone nimetia. Jicho linawasha.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuna tamthilia leo, mpira umechukua nafasi yake. Asha akaleta filamu ya Kibongo kwenye flashi. Maoni yangu: gari linakuja. Honi. Mlinzi anafungua geti. Gari linaingia. Mlinzi anafunga geti. Mtu anashuka, anaingia sebuleni, anakaa, dada wa kazi analeta juisi, juisi inanywewa yote. Ndipo mtu anafungua mdomo kusema mkewe ametoroka. Wewe mke katoroka na unamaliza juisi.

Zamani mambo haya nilikuwa nayacheka mpaka nalia. Leo sikucheka. Muda wote ule hakuna neno, na mimi nilikuwa nasubiri neno. Asha akauliza mbona kimya. Nikasema imezidi.

Niandike ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Gari sikuliona. Nilisikia honi. Jicho la kushoto limekwisha tangu Ramadhani. La kulia naona kama ninayechungulia kwenye tundu la kitasa, na hilo tundu lenyewe lina vumbi. Presha ya macho. Asha anajua macho yananisumbua kidogo, basi. Zuhura hajui kitu.

Jumanne, 13 Mei

Kazini nimeweka jalada la mtu kwenye rafu ya mtu mwingine. Miaka yote hii masjala, halijawahi kunitokea. Wamelitafuta mpaka saa nane. Nikasema nimechoka. Wakanionea huruma, jambo ambalo sikulipenda.

Tamthilia ya leo nzuri kidogo. Wamepiga kelele sana. Kelele zinanisaidia.

Jumamosi, 17 Mei

Vita na Zuhura. Vita kweli kweli, jioni nzima.

Kwenye kipindi cha jana bi harusi alikuwa anasimangwa mezani mbele ya wageni, sauti ya mwanamume ikatoka kumtetea. Maneno mazito. Nikamsifia baba mkwe. Nikasema ndiye mwanamume pekee kwenye ile nyumba, mwandishi kamtendea haki, hata mimi nimemheshimu. Zuhura akasema baba mkwe yuko safarini tangu juzi, aliyesema ni dereva. Nikamwambia wewe unatazama huku unakaanga samaki, kaa kimya. Akaniambia dada umezeeka, hujui tena dereva ni nani na tajiri ni nani. Nikamtukana, akanitukana. Akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka.

Baadaye nikamuuliza Asha kama vile namjaribu tu. Alikuwa dereva.

Nimeelewa sasa. Hawa wanaoingiza sauti za Kiswahili ni wachache, mtu mmoja anawasemea baba mkwe, dereva na daktari. Ukiona nyuso huna shida. Usipoona, nyumba nzima ina mwanamume mmoja anayejibizana mwenyewe.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeanza mbinu. Namuuliza Asha, leo bi harusi kavaaje. Anasema nguo. Namuuliza nani kaingia. Anasema huyo. Mtoto wa kike wa chuo, fasihi anasoma, maneno yake mawili. Niliishia kumfokea, naye hajui kosa lake.

Ijumaa, 23 Mei

Daktari. Kijana mpole, ameniita mama kila baada ya sentensi. Kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kutunza kilichobaki, na upasuaji nao ni wa kutunza kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Nikamuuliza tena kwa maneno mengine, kana kwamba nikigeuza swali na jibu litageuka. Akasema pole mama.

Niliporudi Asha akaweka filamu ya Kinaijeria ili nichangamke. Kipofu anaombewa kanisani, anafumbua macho, anamwona mchumba wake, watu wanaanguka, ngoma zinapigwa. Takataka. Sijaona uongo wa kitoto kama huu tangu nianze kutazama filamu. Nilitamani kuirushia runinga kandambili.

Zuhura ameitazama pia, kwa flashi ya jirani yake. Ameipenda. Amelia. Nikamwambia ni mjinga, na anayelia kwa filamu kama ile anastahili kuuziwa maji ya bomba kama dawa. Nilimwambia kwa ubaya. Akanijibu taratibu, dada leo una nini. Nilikuwa na hasira na kila mtu mwenye macho mawili.

Jumatano, 28 Mei

Upepo na baridi. Nzuguni hapa tunapokaa kote ni vumbi, wanajenga kila upande. Kutoka kituoni nimejigonga kwenye rundo la matofali ambalo jana halikuwepo. Goti limechubuka. Nimemwambia Asha nimeteleza.

Tamthilia: sina maoni. Nimemtumia Zuhura maoni hata hivyo.

Jumatano, 4 Juni

Nimeharibu.

Leo ndiyo sehemu iliyokuwa inasubiriwa. Bi harusi kagundua mumewe ana mwanamke mwingine, anarudi nyumbani. Nikasikia mlango. Nikasikia mtu anapumua kama mtu aliyelala. Halafu kinanda. Kinanda kirefu, hakuna anayesema. Nikasikia mwanamke analia kidogo, mtoto akaguna, mlango tena. Asha alikuwa bafuni.

Nikaona mwenyewe, kichwani. Karudi, kamkuta mume kalala, kamwonea huruma, kakaa pembeni, kamfunika. Nikamwambia Zuhura leo wamenitoa machozi. Nikasema huyu mwanamke kasamehe bila kutamka neno, na hilo ndilo gumu kuigiza. Nikaongeza kwamba angekuwa Zuhura asingesamehe, kwa kuwa hana moyo.

Zuhura huwa anajibu papo hapo. Leo akapiga simu kabisa. Akasema dada, kavua pete, kaiweka mezani, kachukua mtoto na sanduku, kaondoka. Picha yenyewe ilikuwa ya hiyo pete tu, muda wote ule wa kinanda. Akaniuliza, ulikuwa unatazama?

Mwongo mzoefu angesema alikwenda jikoni. Mimi nikakaa kimya, na nilikaa kimya muda mrefu mno.

Alhamisi, 5 Juni

Zuhura amempigia Asha. Nimemsikia Asha uani anasema ndiyo mama mdogo, hapana mama mdogo, sijui mama mdogo, kisha akaanza kulia. Amesema yote. Matofali, chai ninayomwaga pembeni ya kikombe, nguo nilizovaa ndani nje kwenda kazini. Kumbe alikuwa ananiona muda wote.

Nina hasira naye. Nina hasira zaidi kwa kuwa hana kosa.

Jumapili, 8 Juni

Jana Idi. Zuhura amekuja na basi la asubuhi, nyama kwenye ndoo, karanga, kanga mpya. Kanishika uso kwa mikono miwili kama mtoto. Amelia, mimi sikulia. Nilikuwa najiona kama bidhaa inayokaguliwa.

Jioni tumekaa watatu mbele ya runinga. Zuhura akaanza kunieleza. Sasa anasimama. Sasa anakunywa maji. Sasa anamtazama mwenzake. Huyo mwenzake naye anamtazama. Mkono wake gotini kwangu, haubanduki. Nikavumilia. Nikatupa neno la kumchokoza, nikasema dereva wake leo kaigiza kama gogo. Zuhura anampenda yule dereva kuliko wote. Nilijua ataruka.

Akasema kweli dada, leo hakufanya vizuri.

Nikadhani amechoka na safari.

Jumanne, 10 Juni

Amerudi Mpwapwa. Stendi alimvuta Asha pembeni, wakanong'ona. Siku hizi watu wananong'ona nikiwa hatua chache tu. Macho ndiyo yameharibika, masikio yapo.

Jumatatu, 16 Juni

Mkuu wangu ameniita, kafunga mlango, kaongea kwa upole. Nianze taratibu za kustaafu kwa ugonjwa. Anasema hakuna anayenifukuza. Mwenzangu mmoja wa masjala, mtu mwema, akanitajia Buigiri, kwamba kule kuna walimu wanaowafundisha wasioona kusoma kwa vidole. Buigiri ni shule ya watoto. Nina miaka arobaini na saba. Nikakae dawati na nani.

Tamthilia sikutazama. Nimekosea, sikusikiliza. Sijui hata niandike neno gani.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemjaribu Zuhura wiki nzima. Nimesema dereva ni mwoga. Akakubali. Kesho yake nimesema dereva ni shujaa. Akakubali. Nimesema mama mkwe apewe tuzo. Zuhura huyu, aliyesema amekauka kama kuni, akasema kwa kweli yule mama anajua kazi yake.

Leo nikamwambia wazi. Nibishie. Akajibu kwa sauti ya taratibu, ile ya watu wanaotoka chumba cha mgonjwa: nikubishie nini dada yangu, wewe ndiye unayejua.

Kwetu mgonjwa habishiwi. Hivyo tu ndivyo tulivyolelewa. Baba alipokuwa kitandani alisema mvua inanyesha, mwezi wa nane, jua linapasua mawe. Sote tukasema ndiyo baba, inanyesha. Mimi nikaongeza kwamba inanyesha sana. Nilidhani tunamtuliza. Baba akageukia ukutani. Nimeelewa leo aligeukia ukuta kwa nini.

Sina wa kumlaumu. Anafanya alichofundishwa, na anakifanya kwa mapenzi. Ningependa anitukane.

Jumapili, 29 Juni

Tamthilia imekwisha. Bi harusi hajarudi, mume amebaki na nyumba. Asha kanieleza vizuri, siku hizi anaweka simu chini. Mwisho mzuri, wa kweli. Nimemtumia Zuhura maoni mafupi. Kajibu mafupi kuliko yangu.

Naandika kwa maka peni sasa, ile kalamu nene. Maneno manne yanajaza mstari. Sioni nilichoandika jana.

Jumapili, 6 Julai

Imeanza tamthilia mpya, ya Kifilipino. Mbaya. Kuna binti analia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na aliyemwingizia sauti analia kama mtu anayepiga chafya. Hata hadithi hakuna. Anatafutwa, anapatikana, anapotea.

Nikamtumia Zuhura ujumbe. Nikasifia. Nikasema sijawahi kukutana na mwigizaji kama yule binti, na kipindi cha leo kimeshinda vyote tulivyowahi kutazama pamoja, tangu kwenye mkeka. Nikasubiri. Nilikuwa na tumaini dogo. Ni mtu gani mwenye akili anayeweza kulikubali hilo.

Jibu likaja upesi. Amesema kweli dada, hata mimi leo nimempenda sana, tena kanitoa machozi.

Nyuma ya sauti yake runinga yao ilikuwa inasikika. Mpira. Mtangazaji anapaza sauti, watu wanashangilia. Hakuwa ameitazama kabisa.

Nikamjibu nimefurahi, tutaonana kesho saa moja. Akasema inshallah dada, ulale salama.

Asha aliuliza kama azime. Nikamwambia aiache kwanza.