Ukuta Mbichi Hauna Subira

Mpendwa Bibi,

...basi nikachovya mkono mzima kwenye ndoo. Hapo ndipo simu ilipokatika, si ndiyo? Nilikusikia ukipiga kelele, "Ndoo gani? Bhoke, ndoo gani?" kisha kimya. Nilipojaribu tena, simu ya Ghati ilikuwa imeisha chaji. Nikasema basi, kisa hiki nitakiandika. Najua binamu yangu Ghati atakusomea kwa sauti, na najua majirani wote hapo Kenyamonta watasogeza vigoda wasikilize. Wasogeze tu. Sina siri. Nina furaha, na furaha ya miezi miwili ya ndoa haifichiki. Hata ukiifunika sufuriani itainua mfuniko.

Shikamoo, Bibi. Unaona? Nimesahau hata kuanza na shikamoo. Ndivyo mapenzi yanavyomfanya mtu.

Lakini kabla ya ndoo, nataka nikurudishe nyuma. Unakumbuka wiki ya harusi ya baba mdogo, mimi nikiwa darasa la tano? Nyumba yote ilikuwa inakandikwa upya, udongo na mavi ya ng'ombe vimekandwa tangu alfajiri, na wewe ukanikabidhi kipande cha ukuta karibu na mlango. Kipande changu peke yangu! Nikakimbia ndani kutafuta daftari, maana nilitaka kwanza nichore kwa penseli, nione inakaaje. Nikachora ng'ombe. Nikafuta pembe. Nikachora pembe nyingine. Niliporudi nje na daftari langu, ukuta ulikuwa umekauka kama chungu. Nikabonyeza kidole, hakikuacha hata alama. Nilianza kulia, na wewe, badala ya kunibembeleza, ukacheka mpaka ukashika kiuno.

"Ukuta mbichi hauna subira, mke mwenzangu," ukaniambia. "Wewe ulikuwa unamsubiri nani?"

Kisha ukalowanisha sehemu ndogo chini ya dirisha, kama upana wa ungo, ukanisukuma mgongoni. "Haya. Kabla hujafikiri."

Nikachora kuku. Alitoka kama kiatu. Siku ya harusi wageni walipouliza ni kitu gani kile, uliwajibu bila kucheka, "Ni kiatu, lakini jana kimetaga." Nilikasirika siku nzima, Bibi. Leo nikikumbuka natabasamu peke yangu nikichota maji.

Halafu nikaenda sekondari kule Issenye, na huko ndiko nilikoharibika kidogo. Niliona vitabu vyenye picha za rangi, nikaona aibu juu ya majivu yetu na mkaa wetu na udongo mwekundu. Nilirudi likizo nikakuambia, mbele ya Ghati, kwa maringo yote ya kidato cha pili, "Bibi, ukuta wa mbele usiuchore tena. Niachie mimi. Nitakuja na rangi za dukani na brashi, niuchore vizuri."

Na wewe ukaniachia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila mwaka ulisiliba nyumba, ukapamba ubavuni, ukapamba nyuma, na ukuta wa mbele ukauacha laini kama paji la uso wa mtoto. Nilikuwepo mara moja jirani alipokuuliza kwa nini kwako mbele pako wazi. Ukamjibu, "Pana mwenyewe." Mimi nikajifanya sijasikia. Mara sina brashi. Mara rangi ninayoitaka ni ya bluu na haipo. Mara mitihani. Mara shughuli za kuolewa. Miaka ikapita, na mwenyewe hakuja.

Sasa sikiliza habari za mume wako, kwa maana siku ya send-off ulishasema ni wako na mimi nimemwazima tu.

Unajua Shija, huyu mume wetu, ni Msukuma aliyekuja Matongo kutafuta dhahabu. Lakini sijawahi kukusimulia vizuri alivyoniposa. Tulikuwa kwenye mashine ya kusaga mahindi, mimi nimekuja na debe langu, yeye na la kwake, unga umetujaa mpaka kwenye kope. Akanitazama, akanitazama, kisha akasema, "Bhoke, nilipanga nisubiri mpaka ninunue pete na viatu vya maana. Lakini umekaa na huo unga mashavuni, nimeshindwa. Utanikubali?" Mashine inanguruma, ikabidi arudie kwa sauti, na wanawake wote kwenye foleni wakasikia. Mmoja akasema, "Mkubali basi, tusage!" Nikamkubali. Bibi, ningemkubali hata bila foleni.

Basi tukahamia kwenye nyumba yetu hapa Matongo, ya udongo na bati, nyumba ndogo nzuri kuliko zote duniani. Mama yake Shija akatuma ujumbe kwamba anakuja Jumamosi, kutoka kwao Shinyanga, kuiona nyumba na kumwona mkwewe akiwa kwake. Mimi nilikuwa nimeshapanga: ukuta wa mbele tutaupiga saruji, kisha nitauchora kwa rangi tano. Picha nilikuwa nayo tayari, kwenye daftari. Unacheka? Cheka. Saruji na rangi zingetoka kwenye kiroba kimoja cha mawe, mgao wa kwanza wa Shija tangu tuoane. Walikuwa wameshayasaga kwenye karasha, yakawa unga laini wa kijivu, na kiroba kikawa kinangoja nyuma ya mlango zamu ya kwenda kuoshwa ili dhahabu itoke. Lakini zamu haikufika, na Jumamosi ikawa inakuja. Shija akasema tukandike tu udongo kwa sasa, mapambo yatafuata mambo yakikaa sawa.

Alhamisi asubuhi yeye na Chacha, mwenzake wa kazini, wakakandika ukuta wa mbele, wakanawa, wakaondoka. Nikabaki mimi na ule ukuta. Unang'aa. Unanukia ile harufu ya utoto wangu. Nikajisemea, nitangoja rangi. Nikaingia ndani kupepeta mchele. Sikuweza. Nikatoka nje kuutazama. Jua lilikuwa linapanda, na pembeni, kule juu kwenye kona, ulianza kubadilika rangi. Ulikuwa unakauka, Bibi! Nikasikia sauti yako kabisa, na kile kicheko chako cha kushika kiuno.

Nikaacha mchele kwenye ungo, kuku wakaula.

Mkaa nikauponda. Majivu nilikuwa nayo. Udongo mwekundu nikauchimba nyuma ya choo. Nikachukua gunzi la mahindi na kitana changu kile ulichonipa. Nikaanza na ng'ombe, kwa vidole, bila daftari. Nikachora mashine ya kusaga. Nikachora mwanamke na mwanamume, nikawapaka majivu usoni, ndio sisi, na unga wetu. Lakini mbingu ilikataa. Mkaa ulikuwa mweusi mno, majivu meupe mno, nami nilitaka kijivu cha mawingu ya mvua. Nikaona kiroba nyuma ya mlango kimefunguka mdomo. Unga ule ndio kijivu chenyewe! Nikachota, nikachanganya na maji kwenye ndoo, na hapo ndipo nikachovya mkono mzima. Ndoo ndiyo hiyo, Bibi.

Naapa sikufikiria dhahabu. Nilifikiria mbingu. Ikatoka mbingu ambayo hujawahi kuiona, inametameta kidogo jua likiigusa. Nilipomaliza, kiroba kilikuwa kimebaki nusu.

Chacha ndiye aliyetangulia kufika jioni. Akasimama. Akasogea. Akagusa ukuta kwa kidole, akakiangalia kidole.

"Shemeji," akasema, "rangi hii umetoa wapi?"

"Kwenye kiroba."

Akapiga ukelele. "Mura! Kijana! Shija! Njoo uone! Mke wako amepaka dhahabu ukutani! Msukuma, umeoa benki!"

Shija akaja, akatazama ukuta, akaingia ndani akatazama kiroba, akatoka. Akageuza ndoo tupu, akaikalia. Chacha anasema tukwangue, bado haijakauka vizuri, tuoshe tupate chochote. Mimi tayari nimeshika kisu mkononi, machozi yananitoka, nasema nisamehe, naukwangua sasa hivi. Nilikuwa nimekula jasho lake, Bibi. Siku zote za kuingia shimoni. Nilidhani ndoa yangu inaishia hapo, chini ya mbingu ile.

Shija akanyoosha kidole. "Yule pale ni nani?"

"Ni wewe."

"Ile pua siyo yangu."

Akainuka, akachovya kidole kwenye tope lililobaki, akairekebisha pua. Taratibu kabisa, amebana ulimi kwenye meno. Kisha akaniuliza, "Kiroba tulitaka tukiuze tununue nini?"

"Saruji na rangi."

"Za kupaka wapi?"

"Hapa."

"Basi umefupisha safari," akasema, akakitoa kisu mkononi mwangu. Chacha akaenda zake anatikisa kichwa, anasema Wasukuma na wake zao ni ugonjwa mmoja. Mimi nikalia upya, lakini kilio kingine.

Ijumaa zamu yetu ikafika, na nusu iliyobaki ilipooshwa ilitupatia jogoo wa kumkaribishia mama mkwe, na zaidi ya hapo hata usiulize.

Akaja Jumamosi. Hofu niliyokuwa nayo! Nikapiga goti, nikasema "Mwadila, mama," kama Shija alivyonifundisha, lakini hakuniitikia haraka, macho yalikuwa ukutani. Alisoma ukuta wote, kona hadi kona. Kisha akauliza, "Huyu ng'ombe mbona ana miguu mitano?"

Bibi, ulikuwa mkia. Tope lilikuwa na maji mengi, mkia ukateremka mpaka chini, na kwa haraka yangu sikuona. Nikafungua mdomo nijitetee. Yeye akaniwahi, "Namjua huyu. Ni mmoja wa wale wa mahari. Kutembea toka kwetu mpaka huku, miguu minne isingetosha." Akacheka, akanikumbatia na mizigo yake yote mgongoni, akaniita mwanawe. Sasa wanawake wawili wa mtaa huu wameshaniomba nikawachoree, na mmoja ametaka ng'ombe wa miguu mitano hivyo hivyo.

Kila asubuhi tunakunywa chai nje, mimi na Shija, tunaitazama mbingu yetu. Ina nyufa mbili tayari. Mvua kubwa ikija itaondoka na kipande, nami nitachora kingine. Nampenda, Bibi. Nampenda mpaka nasahau chumvi. Lakini katikati ya furaha hii yote, kila nikiutazama ukuta wangu nauona wako, ulio laini, ulio wazi, unaonisubiri mimi niliyekuwa nasubiri rangi. Ghati aliniambia mwaka huu mikono yako inatetemeka, kwamba hata kusiliba unamwachia yeye, lakini ukuta wa mbele bado unamkataza asiuguse. Niliposikia hivyo ndipo nilipokupigia simu.

Basi kabla mwezi huu haujaisha nitakuja, na mume wako nitamleta. Sina brashi. Bluu sikuipata. Nakuja na mikono yangu na kitana chako. Nitakutumia ujumbe usiku wa kuamkia siku hiyo. Asubuhi Ghati achote maji, aukande udongo vizuri, akandike ukuta wote wa mbele. Wewe kaa kwenye kigoda chako, uwe tayari kunicheka. Asianze mapema. Nikishuka kwenye bodaboda nataka niukute bado mbichi.

Mjukuu wako na mke mwenzako,
mwenyewe wa ukuta,
Bhoke