Gitaa la Yakobo Juu ya Pipa la Ulanzi

Njombe, Alhamisi, mwezi wa Machi. Mvua tangu alfajiri. Ukungu umeshuka hadi kwenye miti ya miwati, na vidole vyangu bado vinauma.

Sijutii. Naliandika hilo kwanza, nisije nikalainika kabla ya kufika chini ya ukurasa.

Jana nilikuwa Makambako. Bwana Salehe, fundi wa redio kutoka Dar es Salaam, alikuja na gari lenye mashine ya kunasa sauti, na jioni ilikuwa lazima aondoke kwenda Iringa. Kila mpigaji wimbo mmoja, basi. Nilikwenda na gitaa la marehemu kaka yangu, Yakobo. Alirudi nalo kutoka kwenye mashamba ya mkonge, akalipiga miaka miwili, kisha kifua kikamchukua. Aliacha wimbo mmoja usio na maneno, na anayeujua ni mimi peke yangu. Nikienda nao kaburini, Yakobo atakuwa amekufa mara ya pili.

Tulianzia kwenye ukumbi wa misheni. Fundi ana maikrofoni moja tu, akaniwekea mdomoni. Nikamwambia siimbi. Akacheka kwa upole: "Mwalimu, gitaa ni la kusindikiza. Watu wanataka maneno." Kwa woga tu nikaimba ubeti wa kubuni, naye akarudisha utepe nisikilize. Sauti yangu ilijaa ukumbi mzima. Gitaa lilikuwa kama panya darini.

Nikakataa. Mimi ninayewahimiza watoto wa darasa la kwanza kutii, nikakataa mbele ya watu.

Akaisogeza maikrofoni hadi kwenye tundu la gitaa. Hapo mvua ikashuka juu ya bati, na mashine ikanasa mvua. Tungoje ipite, akasema. Nani huku kwetu amewahi kuingoja mvua ya Machi ikapita?

Ng'ambo ya barabara kuna kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kimeezekwa nyasi. Mvua juu ya nyasi nene haina la kusema. Tena mle ndani kuna mapipa ya mbao, na mle ndimo Yakobo alimokuwa akipiga. Alilisimamisha gitaa juu ya pipa tupu, likagusa mbao, na pipa likavuma pamoja nalo hadi wanywaji wa kona ya mwisho wakasikia. Ndivyo alivyonifundisha na mimi nyumbani, juu ya pipa la mahindi.

Mzee Anania, mzee wa kanisa aliyetufungulia ukumbi, aliona ninakotazama. "Binti yangu, hii ni Kwaresima. Ukiingia mle, jina lako nalipeleka kwa mchungaji."

Kila Mlutheri wa huku anajua maana yake. Ni kutengwa: Pasaka bila Meza ya Bwana, na kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, kila anayeingia akuone. Na shule ninayofundisha ni ya misheni hiyo hiyo.

Nilivuka barabara.

Fundi alinifuata, mashine ameifunika kwa koti lake la mvua. Mlangoni akasita, pua ameikunja. "Mimi Mwislamu, Mwalimu. Nikirudi nanuka hivi, mke wangu nimwambie nini?"

"Mwambie ulikuwa kazini," mama mwenye kilabu akamjibu, akatuchagulia pipa.

Wanywaji walishika mbeta zao, vikombe vya mianzi, magotini, wakanyamaza kuliko waumini wa Jumapili. Jaribio la kwanza, kwenye tundu la gitaa, tulipata mikwaruzo tu, maana nyuzi mbili ni waya za breki za baiskeli. Bwana Salehe akapiga magoti, akatega sikio kwenye pipa, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akairudisha maikrofoni nyuma mkono mmoja, akaishusha pale gitaa linapokutana na mbao. Safari hii hakusema lolote kuhusu maneno.

Nikapiga.

Aliporudisha utepe tukasikiliza, mzee mmoja aliyekuwa amegeukia ukuta akaweka mbeta yake chini. Hakuwa amenitazama hata mara moja. Akauliza, "Huyu si Yakobo?"

Nililia palepale, mbele ya walevi, na sioni haya.

Leo asubuhi habari imeshafika Njombe kabla ya chai. Sawa. Jumapili nitakwenda kanisani na gauni langu zuri, nitakaa benchi la nyuma, kichwa juu. Na mchungaji akiniuliza natubu nini, nitamwambia ukweli wote: uzi wa tatu ulilegea kidogo kabla ya mwisho, na mimi sikuukaza.