Nimeisugua Sarafu ya Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi ipokee hivyo hivyo maana wiki hii mimi ni mdogo kuliko kila mtu, naomba msaada wako na naomba unifikie kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku hiyo Baba Mdogo, mdogo wake baba mkwe wangu, anakuja na mimi sijui nitauweka wapi uso wangu.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, si daktari, daktari ndiye anayetazama mdomo na kuniletea umbo la plasta, mimi nakaa chumba cha nyuma chenye dirisha moja na mashine ya kung'arisha, naunda seti nzima mpaka mtu anacheka kwenye harusi ya mwanawe na hakuna anayeshtuka, na kazi hii imenifundisha kwamba kitu kikiwa na ncha, hata ndogo kama chembe ya mchanga, kitamchubua mtu ufizi, kwa hiyo mkono wangu ukikuta ncha unailainisha kabla kichwa hakijaulizwa.

Sasa miaka miwili iliyopita nilianza kununua sarafu za zamani za Uingereza kwenye minada ya mtandaoni, usinicheke, wengine wananunua vijora na mimi nanunua hizo, mume wangu anaziita chenji za marehemu. Mwanzoni nililiwa, muuzaji mmoja aliandika NADRA MNO kwa herufi kubwa na picha ina ukungu kama imepigwa juu ya sufuria inayochemka, nikapandisha dau mpaka sekunde ya mwisho, nikashinda, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, kumbe sarafu yenyewe ilitengenezwa kwa mamilioni na wenyewe huko wanaiacha kwenye droo pamoja na vifungo. Ndipo nikatulia nikajifunza, kwamba usitazame bei anayoitaka muuzaji bali zile zilizokwisha kuuzwa zilikwenda kwa kiasi gani, pima uzito, tazama ukingo, na zaidi ya yote tazama mwaka, kwa sababu sarafu zao nyeupe zilikuwa za madini ya fedha karibu tupu mpaka 1919, kuanzia 1920 mpaka 1946 ni nusu fedha, na kuanzia 1947 hamna fedha hata ya dawa, ni shaba na nikeli.

Baba mkwe anaishi nasi tangu mama mkwe afariki. Zamani alikuwa fundi wa makochi, yeye na mdogo wake, na siku moja walipokuwa wanabadilisha kitambaa cha kochi la mteja wakakuta katikati ya pamba sarafu kubwa nyeupe, nusu krauni ya Kiingereza, mteja akasema chukueni tu, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, Baba akasema hii ni fedha, Baba Mdogo akasema hilo ni bati, na ili kumaliza ubishi Baba Mdogo akaipiga patasi ukingoni aone ndani kuna nini, asione kitu cha maana, pengo likabaki na ubishi ukabaki, huu mwaka wa thelathini na sita. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi Baba Mdogo akivua viatu tu mlangoni anauliza, "Kaka, bati lako halijambo?" na Baba anamjibu, "Fedha yangu inakusalimu, wewe mwenye macho ya kuku." Ndivyo wanavyojuliana hali.

Mwezi uliopita Baba akaniita chumbani, akaitoa kwenye kitambaa, akaniambia mbele ya mdogo wake, "Mama, mtaalamu wa nyumba hii ni wewe. Tuambie ni fedha au si fedha. Ukishasema wewe, tumemaliza." Baba Mdogo akasema, "Nami nakubali. Nikishindwa nitamwomba kaka radhi hapa hapa, nimepiga magoti." Nikaitazama, mwaka ulisomeka moja, tisa, nne, halafu weusi mtupu, tarakimu ya mwisho imezama kwenye uchafu wa miaka yote hiyo.

Mshauri, nilitaka kuiona tarakimu moja tu. Nikaenda nayo kazini, nikawasha taa, nikaigusisha kwenye brashi ya mashine kidogo, kidogo tena, mteja akanipigia simu kuhusu jino lake la mbele na mimi naongea naye huku mkono unaendelea, na nilipokata simu sarafu ilikuwa inameremeta kama kijiko cha hotelini, uso wa mfalme umelainika, na lile pengo la patasi, Mungu anisamehe, nimelisawazisha kabisa, maana lilikuwa na ncha. Na tarakimu ilikuwa saba. 1947. Imekosa fedha kwa mwaka mmoja tu.

Najua. Usiniambie. Kila mwenye kukusanya sarafu anajua hazisuguliwi, mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia muuzaji maneno makali kwa kunitumia sarafu iliyosuguliwa.

Basi nikaingia mnadani nikanunua nyingine, nusu krauni ya 1946, mfalme yule yule, imechakaa vile vile, imefika Jumanne. Mume wangu anasema, "Si umpe hiyo? Mzee ashinde mara moja, kwani nani amekufa?" Shida ni kwamba Baba ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, anaijua sarafu yake kwa kidole gumba, anakipitisha ukingoni mpaka kinaingia kwenye pengo ndipo anatulia. Patasi ndogo ninayo, mashine ninayo, ni kazi ya dakika tano, na nimeshaishika mara mbili nikaiweka chini. Kila jioni Baba ananiuliza, "Mama, imesemaje?" namjibu, "Bado naichunguza, Baba," naye anasema, "Ichunguze vizuri, mdogo wangu ni mbishi."

Nichonge au nisichonge?

Mimi, Fundi wa Midomo ya Watu

*

Fundi, marahaba. Nimekuzidi, tena kwa mbali.

Usichonge. Hilo limekwisha, sasa tuongee.

Kwanza nikucheke, kwa sababu nikianza na pole utalia na hutasikia yanayofuata. Miaka miwili unawakagua wauzaji wa watu, unapima, unakuza picha, unamfokea mtu usiyemjua kwa sarafu iliyosuguliwa. Halafu ile moja uliyokabidhiwa bila mnada, bila dau, kwa imani tupu, ukaitia kwenye mashine ya meno huku unaongea na simu! Mfalme wa watu ametoka kama mtoto aliyeogeshwa kwa ajili ya picha ya shule.

Haya, na pole. Mkono uliozoea kazi hauombi ruhusa. Namjua fundi cherehani mmoja ambaye hawezi kuona uzi unaning'inia asiukate. Siku moja alimkumbatia shangazi yake, akaona uzi shingoni, mkasi ukafanya kazi yake, na familia nzima ikashinda sakafuni kuokota shanga. Hakuwa mtu mbaya. Lakini shanga hazikujiokota zenyewe.

Kuhusu thamani, wewe unajua kuliko mimi. Nusu krauni ya 1947, iliyochakaa, yenye jeraha la patasi, haikuwa mali hata kabla hujaigusa. Huko mnadani ingepita bila mtu kuinua shingo. Ungekuwa umeisugua sarafu nadra kweli, ningekwambia ukae chini kwanza. Kwa bei, hasara yako ni ndogo, na bila shaka ile ya 1946 uliilipia zaidi. Ila soma tena barua yako: mzee hakukuuliza bei hata mara moja.

Sasa huyo mumeo anayeuliza nani amekufa. Mwambie atazame upande wa pili wa kochi. Pale ameketi Baba Mdogo, ambaye kwa miaka thelathini na sita amekuwa akisema kweli, ingawa kaisema kwa kelele na kaipiga patasi. Ninyi wawili mnataka apige magoti kwa uzee wake na kuomba radhi kwa kuwa sahihi. Nani amekufa? Hakuna. Mtakuwa mmemdhalilisha tu mtu aliyekuja kumsalimia kaka yake.

Tena hata ushindi wenyewe umeuhesabu vibaya. Ya 1946 ni nusu fedha. Huyo Baba Mdogo, nilivyomsikia, atakuuliza, "Na nusu ya pili, mwanangu?" Utasema shaba na mchanganyiko mwingine. Atapiga kofi paja lake: "Ndilo bati lenyewe nililosema!" Utakuwa umeghushi kovu ili ununue matokeo ya sare.

Na usijidanganye kwamba kutengeneza vya bandia ndiyo kazi yako. Meno yako ni kazi ya heshima kwa sababu anayeyavaa anajua ni ya bandia. Huyu baba mkwe wako hangejua. Angekifurahisha kidole chake gumba kila siku kwa pengo ulilolichonga wewe, nawe ungekuwa unamwangalia, na siku moja ungeanza kukwepa chumba chake. Nimeona nyumba ambazo watu hawapiti korido fulani na hakuna anayesema kwa nini.

Basi fanya hivi. Kesho ukitoka kazini, kabla hujavua hata viatu vya kazi, nenda chumbani kwa Baba. Usimngoje mumeo akusindikize, hukwenda na mumeo kwenye mashine. Kaa, mwekee sarafu yake mkononi, ile ile, na unyamaze mpaka kidole kimalize kuzunguka. Kitazunguka mara mbili, atadhani amepotea njia. Hapo useme. Kwanza kwamba umeisugua, pengo halipo, ni wewe. Kisha kwamba ni ya 1947 na haina fedha. Yote mawili kwa mkupuo mmoja, usimwachie la pili alisikie Jumapili. Akikugombeza, pokea. Akinyamaza, nyamaza naye, usijaze chumba kwa maelezo ya brashi na simu.

Ile ya 1946 usiitoe siku hiyo. Fidia inayofika pamoja na kosa inanuka rushwa. Irudishe mnadani au ubaki nayo, na kwenye maelezo yake uandike kweli tupu, ili angalau muuzaji mmoja wa aina hiyo awepo.

Jumapili usikae katikati kama hakimu. Habari ni ya Baba, ataitoa yeye kwa mdogo wake anavyotaka, hata akianza na "Mkwe wangu kaharibu ushahidi." Mwache aseme, ana haki ya kujinasua kidogo kupitia mgongo wako, nao mgongo wako unastahili. Usiogope kwamba ukweli utawamalizia mazungumzo. Wazee waliokarabati makochi pamoja ujana mzima hawawezi kukosa la kubishania.

Na usije ukamwambia Baba kwamba tatizo lilikuwa mashine. Ulikuwa na mizani, lenzi, taa na miaka miwili ya masomo, na mwenye sarafu mnaishi naye nyumba moja, mnaonana kila jioni. Kilichokosekana ni maneno mawili tu, "Baba, niisafishe?" Angekujibu hapana, na angekuwa amekuokoa. Mwambie hivyo hivyo: kwamba hukumuuliza.