Mundu wa Sylvestre na Punje za Mahindi

Jumapili, Gitega. Mvua imekatika saa tisa hivi, na mtaa wetu wote wa Magarama unanuka udongo uliolowa. Nimerudi kutoka Muyinga na matope hadi magotini, nimeoga, nimejitengenezea chai, nimeketi dirishani. Nimeridhika. Naliandika neno hilo mapema kwa sababu mengi yanayofuata ni ya kuona haya.

Nilikosea hesabu, na aliyeumia ni mama.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari. Mwaka huu wote najifunza peke yangu, kwa vitabu vya kuazima, jinsi ya kutumia uwezekano kuelewa vitu vyenye uhai: ugonjwa unahamaje kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na ni lini unakufa wenyewe. Walimu wenzangu wananitania kwamba nimeacha kusahihisha madaftari, nasahihisha migomba.

Migomba yenyewe ni ya mama, kilimani kwetu Muyinga. Ni mashina hamsini na mawili. Alianza kuyapanda tulipotoka ukimbizini Tanzania, mimi nikiwa na miaka kumi na saba na sijawahi kuiona nchi ninayoambiwa ni ya kwetu. Machipukizi ya kwanza alipewa na Sylvestre, jirani wa juu yetu. Sylvestre hakukimbia wakati wa vita, alibaki. Angeweza kutuona kama watu waliokuja kumnyang'anya ardhi, na wako waliotuona hivyo. Yeye siku ya tatu alishuka na machipukizi sita begani, akachimba mashimo mwenyewe, akaondoka kabla mama hajapata cha kumpikia.

Basi, mwezi wa pili mama alinipigia simu kwamba mgomba mmoja umenyauka, na ndizi zake zimeiva kabla ya wakati. Ukiukata unatoa uji wa njano. Ni kirabiranya, ugonjwa unaomaliza shamba zima usipouzuia. Bwana shamba alimshauri ang'oe yote aanze upya. Mama akaniuliza mimi, mwanawe aliyesoma.

Nikamwambia asubiri.

Nilikuwa nimeshatengeneza modeli yangu, kurasa nne za daftari. Nilifikiri migomba kama wanafunzi kwenye madawati: anayeugua anaweza kumwambukiza wa jirani yake, na wa mbali yuko salama. Nikaweka uwezekano wa kila jirani kuambukizwa, nikajumlisha, nikaona kwamba kila mgomba mgonjwa, kwa wastani, ungeambukiza chini ya mmoja. Maana yake ugonjwa ungeisha wenyewe, mradi mama akate tu shina lililougua. Nilifurahi sana usiombe. Nilipiga mstari chini ya jibu kwa kalamu nyekundu, kama ninavyowafanyia wanafunzi waliopata.

Mwezi wa nne migomba migonjwa ilikuwa tisa. Mama hakunilaumu hata neno moja, jambo ambalo lilinichoma kuliko kulaumiwa.

Nilikwenda Ijumaa. Nilichora shamba lote kwenye karatasi, nikatia alama mashina yaliyougua. Hayakuwa majirani hata kidogo. Yalifuatana kama nyayo: yalianzia kwenye njia inayoshuka kutoka juu, yakapita katikati, yakatokea upande wa mjane anayekaa chini yetu, ambaye naye kumbe migomba yake mitatu imeanguka. Nikawa bado naikodolea macho ile karatasi nilipomsikia Sylvestre akipiga hodi. Alikuwa na mundu wake, umuhoro kama anavyouita, amekuja kupogolea majani.

Kila wiki anafanya hivyo. Anashuka kwa njia ileile, anaondoa majani makavu kwa mama, kisha kwa mjane, kisha kwa kila nyumba isiyo na mwanamume. Mundu ni mmoja. Hachukui kitu ila chupa ya pombe ya ndizi zikiwa zimeiva.

Mimi nilihesabu migomba na kusahau mtu anayeihudumia. Nimezoea kumwona, ndiyo maana sikumwona.

Nilimwambia mama jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba ugonjwa unatembea na ule mundu. Uso wake ulibadilika. "Usimwambie," alisema. "Tangu turudi, mtu huyu hajatuonyesha jicho baya. Leo tumwambie mkono wake una sumu? Afadhali ning'oe yote."

Na alikuwa anamaanisha. Angeng'oa mashina hamsini na mawili ili mzee yule asione aibu. Nililia kidogo, nakiri, nikigeukia moshi ili nipate cha kusingizia.

Jumamosi mvua ilitushika sote barazani, Sylvestre naye yumo. Hapo nikafanya kitu ambacho sijui kama ni werevu au ujanja. Nilimwambia natayarisha somo la wanafunzi, anisaidie kulijaribu. Nilipanga vifuniko vya soda kwa mistari: kila kifuniko ni mgomba. Kimoja nikakigeuza, huyo ni mgonjwa. Kwenye mfuko nikatia maharage manne na punje moja ya mahindi. Unachota bila kuangalia: harage, jirani amesalimika; mahindi, jirani ameugua, mgeuze.

Mara ya kwanza tulicheza kwa modeli yangu ya madawati. Ugonjwa ulikufa upesi. Sylvestre alicheka, akasema masomo ya siku hizi ni ya kitoto.

Mara ya pili nikamwambia: sasa kuna kisu. Kikigusa mgonjwa, kinatembea mstari mzima, na kwa kila kifuniko kinachoguswa unachota. Alichota mwenyewe. Harage, harage, mahindi. Harage, mahindi. Vifuniko vikaanza kugeuka huku na huku, mbali na pale tulipoanzia. Alipofika mstari wa nne hakuwa anacheka tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, hafuti kitu.

Sylvestre aliweka mfuko chini. Aliuangalia mundu wake uliokuwa umeegemea ukuta.

"Yoo," alisema. "Donc ni hii. Mi niko nafikiri niko nasaidia bamama, kumbe mi ndiye niko nawapelekea."

Kisha akasema jambo ambalo hatukulijua: kwake migomba iliyougua imezidi ishirini. Alikuwa anaificha. Aliona haya kwamba yeye, aliyeipa nusu ya kilima hiki machipukizi, shamba lake linakufa. Alikuwa anashuka kutupogolea sisi ili angalau aguse migomba mizima.

Mama alikwenda akaketi karibu naye kwenye mkeka. Alimwambia, "Baba, hukujua. Na sisi hatukujua. Huyu mwalimu wetu ndiye alikuwa anajua, na yeye pia hakujua." Sylvestre akacheka. Nami nikacheka, ingawa iliniuma mahali.

Leo asubuhi, baada ya misa, tuliwasha moto pembeni mwa shamba. Sylvestre alikata migomba iliyougua, mmoja mmoja, usawa wa ardhi. Kila baada ya mmoja alirudi kuuchoma mundu mpaka ukawa haugusiki. Alitembea sana. Mjane wa chini alikuja kuona moshi ni wa nini, naye akaelezwa na Sylvestre mwenyewe, kwa maharage na mahindi, kama mtu aliyelibuni somo.

Kabla sijaondoka mama alinichukua hadi kona ya mwisho, ambako mundu ulikuwa haufiki mara nyingi kwa sababu ya mteremko. Kuna shina moja pale lililotokana na yale machipukizi sita ya mwanzo. Alikuwa amelifunga uzi mwekundu. Alisema likimaliza mvua hizi na zijazo bila kuugua, machipukizi yake ni ya Sylvestre. Tayari alikuwa amemwambia.

Akaniuliza kama litasalimika. Nilianza kueleza kwamba uwezekano si ahadi, kwamba modeli mpya bado sijaijaribu vya kutosha. Alinikatiza. Alitaka namba.

Nikamwambia, ningekuwa na mashina kumi kama hili, ningetegemea manane yabaki mazima.

Mama aliugusa ule uzi, akaukaza kidogo.

"Nane?" alisema. "Sisi wakati tunarudi hatukuwa hata na tano kwa kumi."

Sasa daftari liko mbele yangu. Nimeufuta ule mstari mwekundu wa chini ya jibu la zamani. Nimejaribiwa kuigeuza nane iwe tisa, kwa ajili yake, lakini nimeiacha. Nane inatosha.