Sifuri Arobaini za Baba

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa kazini nalia kama mtoto. Usinipigie, sauti haitoki.

Si unaujua ule utafiti wetu wa dawa ya vidonda vya tumbo? Ule ambao mimi mwenyewe, kwa kiherehere changu, nilimwingiza Baba? Kila asubuhi mgonjwa anaandika maumivu yake kwenye daftari, kuanzia sifuri mpaka kumi. Na mimi ndiye ninayekusanya madaftari.

Baba kaandika sifuri siku arobaini mfululizo. AROBAINI! Nikawa natamba ofisini kwamba dawa imemkubali. Natamba, mimi!

Leo majibu ya kamera waliyompitisha tumboni yametoka. Daktari hakunitazama hata usoni. Kasema ni saratani, na wakati wa kupasua umeshapita. "Laiti angetuambia mapema kwamba anaumwa."

Angetuambia! Kwenye daftari ninalolisoma mimi!

Nikamfuata Baba wodini. "Baba, hizi sifuri ni za nini?"

Akatabasamu, mzee wa watu. "Daftari ulikuwa unalifungua palepale mbele yangu, mama, uso unakung'aa. Ningekuandikiaje wewe maumivu?"

Nikamuuliza, basi leo ni ngapi? Niambie ukweli, Baba.

Akautazama mkono wangu.

"Weka kalamu chini kwanza."

Nikaiweka.

"Kumi, mama. Tangu siku ya kwanza ni kumi."