Harage la Osaka

Jumatatu, 5 Februari

Volkano zote za dunia hii nazijua, zilipo na tabia zake.

Haya, uongo. Naijua moja tu, hii ya nyuma ya choo changu, inayonitilia majivu kwenye chai tangu nizaliwe.

Leo binti yangu Sachiyo kapiga simu toka Osaka. Baba, hapo si pa kuishi mtu wa umri wako, hamia kwangu. Nikamwambia volkano ziko kila mahali, mtu atakimbilia wapi? Akacheka. Basi nionyeshe kwenye ramani, Osaka ikiwemo. Jumapili anakuja. Nikishindwa, nafunga virago.

Mdomo wangu huu!

Jumanne, 6 Februari

Nimeazima ramani ya dunia pale ukumbi wa kijiji. Kuazima — yaani hakuna aliyeniona. Jirani yangu Bi Kinue kaja na kitabu, na maharage madogo mekundu ya kuweka penye kila volkano. Yeye anasoma, mimi napanga. Shule niliiacha mapema, lakini harage halinishindi.

Ajabu. Japani yetu ilijaa pomoni. Yakapanda kaskazini hadi Urusi, yakavuka Alaska, yakateremka Amerika yote, yakarudi kupitia New Zealand na Indonesia. Bahari nzima imevaa shanga! Afrika nayo imo: Tanzania kuna mlima unatapika uji mweusi. Nikajiona nimeshinda.

Bi Kinue akavaa miwani. Mzee Tokuzo, na hili la Osaka? Pale pana volkano gani?

Binti yangu, nikasema.

Kacheka hadi kaitawanya Chile.

Ijumaa, 9 Februari

Osaka ni tupu. Nimelitoa harage. Nimelirudisha.

Asubuhi nilikwenda kwa mke wangu. Makaburi ya hapa tumeyaezeka, lakini majivu yana njia zake, kila siku lazima nilifute jiwe lake. Mwanamke hakupenda vumbi hata chembe, na akakubali kuolewa huku! Sachiyo hajauliza nani atamfuta mama yake majivu nikiondoka. Nami sijamwambia. Nimemtania tu.

Jumapili, 11 Februari

Redio inasema upepo leo unaelekea kwetu. Sachiyo kapiga simu toka kwenye feri: nimevaa koti jipya, Baba, jeupe. Jeupe — mtoto aliyezaliwa hapa!

Bi Kinue kapita dirishani. Mwambie habari ya mama yake, mzee, ramani huihitaji. Nikamjibu aende akafagie kwake.

Harage la Osaka nimelitia mfukoni. Nitamwambia. Akishakunywa chai.

Feri imetia nanga. Koti naliona. Na huko nyuma ya choo — ngurumo.

Sikia, mlima. Umri wangu wote nakufagilia: paa, mfereji, njia, kaburi. Sijakudai kitu. Leo nakudai kidogo tu. Bana pumzi, kikombe kimoja cha chai.